Usaili wa kwenye simu nao ni usaili

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)



Juma hili nimepokea barua kutoka Mnyambe, wilayani Newala. Aliyeiandika ni binti mwenye stashahada ya uhasibu. Amemaliza chuo, amerudi nyumbani kuwasaidia wazazi wake katika shamba la mikorosho, na huku anatuma maombi ya kazi. Anasema shirika moja la Dar es Salaam limemwita kwenye usaili, lakini halikumwita aende Dar es Salaam. Limempelekea kiungo cha mtandao, siku na saa, likamwambia afungue simu yake saa nne asubuhi, na wasaili watatu watamwona na kumwuliza maswali. Baba yake amemwambia: "Kazi gani hiyo ya kuombea kwenye simu? Angalia usije ukatapeliwa." Na yeye mwenyewe ananiuliza: "Je, nikae wapi, nivae nini, na nisemeje na watu ambao sikai nao chumba kimoja?"

Nimeona barua hii niijibu hadharani, kwa sababu swali hilo si la binti mmoja. Ni la vijana wengi wa Newala, Masasi, Tandahimba na kwingineko nchini. Aidha, kusema na watu usiowaona ndiyo kazi iliyonipa riziki miaka yote hii. Yako mambo machache ambayo sisi wa redio tumeyajua kwa kuyafanya, na leo yanaweza kumfaa kijana anayetafuta kazi.

Kwanza, tumwelewe mzee. Wasiwasi wake una msingi. Kwa miaka mingi usaili katika nchi yetu ulikuwa ni safari. Kijana alifunga nguo zake, akakopa nauli, akapanda basi. Wengi mtakumbuka yaliyotokea mwezi Juni mwaka 2014, Idara ya Uhamiaji ilipokuwa na nafasi 70 za kazi na vijana zaidi ya 10,000 wakakusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya mpira uligeuka kuwa chumba cha usaili. Hebu fikiria nauli zilizotumika siku ile, na hebu fikiria wangapi walirudi makwao wakiwa na deni tu mkononi.

Msongamano huo haujapungua. Mapema mwaka 2025 nafasi za ualimu zaidi ya 14,000 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walipita 135,000. Ndiyo maana Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imekuwa ikisogeza usaili mikoani na kutumia kompyuta katika mitihani ya mchujo, badala ya kuwaita watu wote Dodoma. Kutoka nyanda za Makonde hadi Dodoma kwa kupitia Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita 1,000 na zaidi. Mtu anayesafiri mwendo huo ili akaulizwe maswali kwa dakika 20 anastahili kuhurumiwa.

Mashirika na makampuni nayo yamekwenda hatua moja mbele zaidi. Virusi vya korona vilipoenea duniani, na mgonjwa wa kwanza kutangazwa hapa kwetu mwezi Machi mwaka 2020, ofisi nyingi zilihamishia mikutano yao kwenye mtandao. Mwezi Desemba 2019 mikutano ya Zoom ilikuwa na washiriki kama milioni 10 kwa siku. Ilipofika Machi 2020 walikuwa wamefikia milioni 200. Ugonjwa ulipungua, lakini desturi ilibaki, kwa sababu mwajiri naye aligundua kwamba anaokoa fedha na muda. Kwa hiyo, mzee wangu wa Mnyambe, usaili wa kwenye simu upo, na ni usaili kamili. Anayeitwa huko ameitwa kweli.

Isitoshe, jambo hili si geni sana kwa mkulima wa korosho. Wazee wanakumbuka siku ambazo mnunuzi alikuja kijijini na mizani yake. Tangu msimu wa 2007/2008 ukaja utaratibu wa stakabadhi ghalani. Na tangu msimu wa 2024/2025 minada yetu inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Leo mnunuzi anaweza kuweka bei ya korosho ya Newala akiwa mbali, bila kuiona Newala. Je, mkulima ameacha kuanika? Ameacha kuchambua? Hapana. Ameona kwamba kwa vile mnunuzi hayupo kuishika korosho kwa mkono, korosho haina budi kufika ghalani ikiwa imekauka na imechambuliwa, ili ipate daraja la kwanza. Kosa la kwenye kuanika litaonekana kwenye bei.

Usaili wa kwenye simu uko hivyo hivyo. Msaili hatakuona ukiingia mlangoni, hatakuona ukimsalimu mlinzi, hatakuona ulivyo mchangamfu barazani. Atakuona kwenye kioo chenye upana wa kiganja, tena kwa dakika chache. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika jambo hili nawaomba radhi wahenga. Kizuri ambacho hakionekani wala hakisikiki hakitajiuza.

Basi tuanze na mahali. Kijana, usaili wako unaanza siku tatu kabla, kwa kutafuta chumba. Siyo chumba cha fahari. Chumba kimya. Masikio ya binadamu yanajua kuchagua. Mtu anaweza kuzungumza na mwenzake sokoni akamsikia. Maikrofoni ya simu haijui kuchagua kama sikio. Inachukua jogoo, inachukua bodaboda, inachukua mashine ya kusaga, inachukua mtoto anayelia chumba cha pili, na kuvipeleka vyote Dar es Salaam pamoja na jibu lako. Kaa katika chumba hicho saa ile ile utakayohojiwa, siku moja kabla, usikilize. Utashangaa yanayosikika.

Nyumba ya bati ina hatari yake. Mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna usaili. Kwa hiyo kama usaili wako umeangukia katika miezi ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, tafuta mapema nyumba yenye dari, au hata nyumba ya nyasi ya bibi yako. Nyasi hazipigi kelele. Na kama chumba ni kitupu chenye sakafu ya saruji, sauti itarudi kama uko kisimani. Weka godoro ukutani, tandika mkeka, tundika kanga mbili tatu mbele yako mahali ambapo kamera haifiki. Watangazaji tukiwa safarini hujifunika hata blanketi kichwani ili tupate sauti safi, na msikilizaji nyumbani hudhani tuko studio.

Kisha mwanga. Kanuni ni moja: mwanga uwe mbele yako, usiwe nyuma yako. Ukikaa na mgongo dirishani, utaonekana kivuli, na wasaili watahoji kivuli. Geuka uutazame mlango au dirisha. Hilo halina gharama yoyote. Na ukuta wa nyuma yako usikutie aibu, hata ukiwa wa udongo. Uwe safi tu, na kamba ya nguo isionekane.

Simu yenyewe usiishike mkononi. Mkono huchoka, picha hutikisika, na anayekutazama hupata kizunguzungu. Iegemeze kwenye kitu kisichoteleza, juu ya vitabu au matofali, hadi kamera ifike usawa wa macho yako. Kamera ikiwa chini, wasaili watakuona matundu ya pua. Ukiwa na hedifoni za waya, zitumie, kwa maana huleta maikrofoni karibu na mdomo. Funga programu nyingine zote. Kama simu ina laini mbili, zima ile ambayo huitumii kwa mtandao, maana mjomba anaweza kupiga katikati ya jibu lako bora kuliko yote.

Kuhusu bando, saa moja ya mazungumzo ya picha inaweza kula kiasi cha nusu gigabaiti hadi gigabaiti moja. Nunua zaidi ya hapo. Jaza chaji usiku, usingoje asubuhi, kwani umeme hauna miadi na mtu. Ukiweza kuazima pawabenki, azima. Na kuhusu laini, usichague kwa mazoea. Mahali pengine Halotel ina nguvu kuliko Vodacom, mahali pengine Airtel au Yas ndiyo inayoshika, na mara nyingine ni hatua 20 tu kutoka mlangoni. Jaribu kwa kupiga simu ya picha kwa ndugu aliye mbali, umwulize: "Unanionaje? Unanisikiaje?" Jaribio hilo usilifanye saa tatu na nusu ya siku yenyewe. Lifanye siku mbili kabla, ili kama kuna la kurekebisha, urekebishe.

Sasa tuje kwenye kusema, ambako ndiko kwenye kiini cha barua ya binti yetu.

Anayesema na watu asiowaona hukumbwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kupaza sauti, kana kwamba Dar es Salaam ni ng'ambo ya bonde. Cha pili ni kusoma. Nianze na hicho cha pili, kwa sababu siku hizi kimezidi. Kijana anaandika majibu yake yote, au anaandikiwa na akili mnemba, kisha anayaweka pembeni ya kamera na kuyasoma. Anadhani haonekani. Ndugu yangu, anaonekana, na zaidi ya hapo anasikika. Sauti ya mtu anayesoma huwa na mwendo mmoja kama treni. Haisiti panapopaswa kusita, wala haifikiri. Msaili akimkatiza kwa swali dogo tu, "Hapo una maana gani?", msomaji anabaki bubu. Sisi tunaosoma redioni tunajifunza kwa miaka kufanya maandishi yasikike kama maongezi, na bado wasikilizaji hutugundua. Wewe utajifunza kwa siku tatu?

Andika maneno, usiandike sentensi. Karatasi moja, maneno sita au saba makubwa: jina la shirika, kazi yenyewe, mambo matatu uliyoyafanya, swali moja utakalowauliza. Basi. Hayo mengine yatoke kichwani. Na usiseme na watu watatu. Chagua mmoja katika wale watatu, umwone kama shangazi yako aliyekaa mbele yako barazani, useme naye kwa sauti ya kawaida. Ndivyo redio inavyosemwa. Anayehutubia halaiki kwenye maikrofoni humchosha kila mtu.

Jambo jingine ni kimya. Sauti ya mtandao huchelewa kidogo njiani. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ucheleweshaji wa sekunde 1.2 hivi katika mazungumzo ya simu unatosha kumfanya mtu amwone mwenzake kuwa si msikivu wala si mchangamfu, ingawa kosa ni la mtambo. Kwa hiyo swali likiisha, hesabu moja, mbili, ndipo ujibu. Hutamkatiza msaili, na utapata nafasi ya kufikiri. Ukimaliza jibu, nyamaza. Wengi huharibu jibu zuri kwa kuogopa kimya, wakaongeza maneno hadi wakajipinga wenyewe.

Yapo na macho. Hapa pana jambo ambalo wazazi nawaomba mlisikilize vizuri. Sisi tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu hamkazii macho mkubwa. Huinamisha uso kidogo, na mkubwa huona heshima. Malezi hayo ni mazuri, wala simwambii mtu ayatupe. Lakini kwenye kioo cha simu heshima hiyo haifiki. Msaili anaona mtu anayetazama chini, naye anadhani anasoma majibu au anaficha jambo. Basi, mwanangu, ukijibu, itazame kamera yenyewe, lile tundu dogo, na siyo nyuso zilizo kwenye kioo. Ukisikiliza, unaweza kuzitazama nyuso. Heshima yako iweke katika salamu, katika sauti, na katika kungoja zamu yako. Ukikuta wasaili ni watu wazima, "Shikamooni" moja kwa wote inatosha. Kama salamu yao ni ya Kiingereza, jibu kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba maswali yatakuja kwa lugha hiyo. Na kama picha yako mwenyewe inakuvuta kuitazama, ifiche. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba kujitazama mwenyewe muda wote ni mojawapo ya mambo yanayowachosha watu kwenye mikutano ya picha. Ni kama kuhojiwa huku umeshikiwa kioo usoni.

Mavazi? Vaa kama unakwenda ofisini kwao, kuanzia juu hadi chini. Wapo wanaovaa shati na tai juu na bukta chini, wakisema kamera haifiki huko. Siku ukiambiwa usimame ufunge dirisha, utajua inafika.

Lakini mwanga mzuri na sauti safi ni gunia tu. Ndani ya gunia kuna nini? Hapa ndipo vijana wetu wanapojidhulumu. Ukimwuliza kijana amefanya nini tangu amalize chuo, atakujibu: "Nipo tu nyumbani." Nipo tu! Kumbe msimu mzima alikuwa akimsaidia karani wa ghala la chama cha msingi. Binti yangu wa Mnyambe, usiseme ulikuwa upo tu. Sema: "Msimu uliopita nilisaidia kuandika mizigo ya wakulima ghalani. Kila jioni nilihakikisha kilo zilizo kwenye daftari zinalingana na stakabadhi zilizotolewa, na zisipolingana nilitafuta kosa kabla ya kufunga hesabu." Huo ni uhasibu. Na ni wa kweli, ambao msaili anaweza kuuhoji na wewe ukaujibu, kwa kuwa uliufanya kwa mikono yako.

Ila kama hukufanya, usiseme ulifanya. Msaili mzoefu atauliza swali la pili na la tatu, na uongo hauna jibu la tatu.

Andaa visa vitatu vya namna hiyo: kazi uliyoifanya vizuri, tatizo ulilolitatua, na jambo ulilojifunza kwa wenzako. Kila kimoja kisizidi dakika mbili. Na useme "mimi". Najua kwetu ni vigumu. Kijana aliyefundwa vema husema "sisi tulifanya". Lakini shirika haliwezi kuwaajiri nyote. Lisome tangazo la kazi mara tatu, ujue wanachokitaka. Ujue shirika linafanya nini na liko wapi. Wakikuuliza mshahara unaotaka, usijibu "wowote", wala usitaje namba ya kuota. Uliza kabla kwa watu wanaofanya kazi kama hiyo. Kisha jirekodi kwa simu yako ukijibu swali la kwanza kabisa, lile la "Tueleze juu yako", na ujisikilize. Utaichukia sauti yako. Sote tulizichukia zetu. Ukijisikiliza mara ya tano utaanza kusikia makosa badala ya kusikia aibu, na makosa yanarekebishika.

Na mtandao ukikatika katikati? Utakatika. Mwezi Mei mwaka 2024 nyaya zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu na nchi nzima ikayumba, sembuse Mnyambe. Wasaili wanajua hilo. Wanachotazama ni unavyofanya likikupata. Kabla ya siku yenyewe, muulize aliyekuita: "Ikitokea mtandao umekatika, nipige namba gani?" Iandike kwenye karatasi, siyo ndani ya simu tu. Ukikatika, jaribu kurudi mara moja. Ukishindwa kwa dakika mbili, tuma ujumbe mfupi: "Samahani, mtandao umekatika hapa Mnyambe. Najaribu kurudi. Nipo tayari kuendelea kwa simu ya kawaida." Na kama ni sauti tu iliyokatika, usibahatishe swali. Sema: "Naomba radhi, sikulisikia vizuri, naomba ulirudie." Kuomba swali lirudiwe si dhambi. Kujibu swali ambalo hukuulizwa ndiko kunakogharimu.

Sasa nirudi kwa mzee na hofu yake ya matapeli, maana hakukosea. Katika korosho tunao watu wa kangomba, wanaomvizia mkulima mwenye shida kabla ya mnada na kununua mali yake kwa kipimo cha dhuluma. Katika ajira nako kuna kangomba. Anapiga simu, anasema umepata kazi, labda hapa nchini, labda Uarabuni, hata usaili anafanya, kisha anasema: "Tuma fedha kidogo ya fomu, ya sare, ya vipimo vya afya." Hapo simama. Mwajiri wa kweli hatozi fedha ili akuhoji. Sekretarieti ya Ajira haitozi ada ya maombi wala ya usaili. Tafuta namba ya shirika kwa njia yako mwenyewe, siyo ile uliyopewa na aliyekupigia, uwapigie uwaulize kama wamekuita. Usimpe mtu namba ya siri ya simu yako wala picha ya kitambulisho chako cha NIDA kabla hujathibitisha. Na baba mtu akiwa karibu wakati wa kuthibitisha, ni vizuri zaidi.

Ndugu wasikilizaji, hadi hapa nimesema na kijana. Lakini kijana hawezi kujitengenezea kila kitu. Mwezi Mei mwaka 2023 serikali ilitia saini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 vijijini. Hilo ni jema. Lakini mnara huleta mawimbi, hauleti utulivu. Binti anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu, mnara utamsaidia nini saa nne asubuhi ikiwa nje wanapondaponda muhogo na ndani mtoto analia?

Kwa hiyo nina ombi. Katika kata zetu tunazo ofisi za vyama vya msingi vya ushirika. Tunazo ofisi za kata, shule za sekondari, nyumba za parokia na madrasa. Nyingi zina meza, nyingi zina umeme au sola, na kila moja ina angalau chumba kimoja kinachofungwa mlango. Je, ni vigumu kiongozi wa mahali kusema kwamba kijana yeyote mwenye usaili, akija na ujumbe wa kuitwa, atapewa chumba hicho kwa saa moja bila malipo? Haihitaji bajeti. Haihitaji kikao cha baraza la madiwani. Inahitaji ufunguo na mtu mmoja wa kuwaambia walioko nje wapunguze sauti. Wakulima wamechangia ushirika kwa korosho zao. Mtoto wa mkulima akiketi saa moja katika ofisi hiyo, ameketi kwake.

Na kwenu waajiri wa mijini, neno moja. Mnapomwita kijana wa Newala au Nanyumbu kwenye kioo, mpeni siku za kutosha za kujiandaa. Mpeni namba ya simu ya kawaida ya kutumia mtandao ukigoma. Picha ikisumbua, mruhusuni azime kamera abaki na sauti. Sisi wa redio ni mashahidi kwamba mtu anaweza kujulikana kwa sauti. Na tafadhali, msimpime kwa ukuta ulio nyuma yake. Mkifanya hivyo mtakuwa mmemhoji baba yake, juu ya nyumba aliyoweza kuijenga.

Binti yangu, nauli ambayo ungeitumia kwenda Dar es Salaam, tumia sehemu yake ndogo kununua bando, na iliyobaki mrudishie aliyetaka kukukopesha. Kesho nenda ukaombe ule ufunguo. Ukinyimwa, niandikie nami nitalisema hapa. Ukipewa, tandika kanga zako, geukia dirishani, na uwaeleze watu wa Dar es Salaam jinsi ulivyofunga hesabu za ghala.

Nakutakia heri. Nanyi wasikilizaji wengine, kwaherini hadi juma lijalo, siku na saa kama hii.